Mlango wa Karatasi na Chumvi ya Saidi

Ninyi wote mnaokuja kukaa kwenye benchi langu kujifunza kutengeneza kadi za salamu, swali lenu la kwanza ni lile lile. Hamjajua kushika mkasi, mmeshaanza kumwita bibi yenu: "Koko, rangi imekauka, kadi iko muzuri, sasa buji ya nini tena?" Mnauliza mmevimbisha midomo, maana kusugua buji, mshumaa, juu ya kadi nzima kunachosha mkono, halafu lazima uweke karatasi nyingine juu yake na kupitisha pasi ya moto mdogo ili nta iingie, na ukilemea unaunguza. Najua. Mkono wangu nao ni mkono. Leo nitajibu, na atakayeuliza tena nitampa masizi asage mpaka Idi.

Lakini sianzi na buji. Naanza na Mzee Amisi, kwa sababu bila yeye ningekuwa bado nauza mihogo ya kuchemsha.

Mzee Amisi alikuwa mtu wa gare, stesheni yetu, zamani treni ilipokuwa treni. Kazi yake ilikuwa kuandika namba kwenye mabehewa. Anakata bati kwa umbo la namba, analaza bati juu ya behewa, anapaka wino mweusi, anatoa bati, namba imebaki. Treni zilipopungua, alibaki na mikono inayojua kukata na hakuna behewa. Anakaa mlangoni anakata hewa kwa vidole. Mke wake akamwambia, "Amisi, kata basi kitu cha kula." Njo akaanza kukata kadi.

Mimi nilikuwa na sufuria yangu ya mihogo mbele ya nyumba yake. Siku moja akaniita nimshikie karatasi, kwa sababu mke wake alikuwa anatetemeka mikono. Nikashika. Akapiga nyundo karibu na vidole vyangu na mimi sikutikisika. Akaniangalia. "Weye huogopi?" Nikamwambia nina watoto sita, nyundo moja itanitisha nini. Kesho yake akaniita tena, na mihogo ikahamia kwa dada yangu.

Sasa sikilizeni kuhusu kikatio, maana siku hizi mnataka kila kitu kitoke kwenye mashine. Kikatio cha Mzee Amisi kilikuwa ukanda wa chuma, ule mwembamba wa kufungia makasha. Unaunoa upande mmoja kwenye jiwe mpaka ukate unywele. Unaukunja kwa koleo kwa umbo unalotaka, ua, ndege, nyumba, halafu unaupigilia ndani ya kipande cha mti mgumu, makali yakiangalia nje. Pembeni mwa makali, ndani na nje, unabandika vipande vya mpira wa baiskeli. Mtu asiyejua anaona mpira ni pambo. Mpira njo unaosukuma karatasi itoke, la sivyo inang'ang'ania kwenye chuma na unaichana ukiitoa. Na unapiga mara moja tu. Ukipiga mara ya pili, kikatio kimeshasogea, ua lako lina midomo miwili. Mzee Amisi alikuwa anasema, "Kama haujaamua, usinyanyue nyundo." Ninyi mnapiga kama mnatwanga majani ya sombe.

Kikatio changu cha kwanza kilikuwa ndege. Nilikikunja vizuri, hata Mzee alitikisa kichwa. Nikapewa kadi za ndoa ya binti mmoja wa ng'ambo ya mto, ndege wawili wanaoangaliana, mdomo kwa mdomo. Nikakata, nikapaka, nikabandika. Bibi harusi akaja na shangazi yake kuchukua. Akaangalia, akaangalia tena. "Mama, hawa ndege mbona wote wanaangalia upande mmoja? Huyu wa nyuma anamfukuza mwenzake?" Shangazi akadakia: "Njo mambo ya ndoa hayo, mwanangu. Mama huyu anajua."

Karton yetu ilikuwa nyeupe upande mmoja tu, upande wa pili kuna maandishi ya kiwanda. Kikatio kimoja kinatoa ndege anayeangalia upande mmoja, na huwezi kumgeuza, ukimgeuza anaonyesha matangazo ya maziwa tumboni. Ukitaka ndege waangaliane, unakunja vikatio viwili, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Nilikunja cha pili siku ile ile, bibi harusi amekaa ananingoja na shangazi yake anaimba.

Basi. Vita vilipokuja, treni ikalala kabisa, na mji wetu wa Kindu ukawa kama nyumba iliyofungwa kwa nje. Ndege za mizigo zilishuka siku zilipotaka. Karatasi ikaisha madukani kabla ya sukari. Tulikuwa tunaokota maboksi ya dawa kwenye jalala la dispanseri, tunayachana, tunatumia upande mweupe. Karton ile inakunywa maji kama mchanga. Unaweka tone la rangi hapa, linatokea kule.

Rangi zenyewe, kisanduku kile cha vidonge vya rangi kilichotoka kwa masista kilikwisha mpaka bati likang'aa. Tukarudi kwenye vitu vyetu. Njano ni manjano ya kupikia. Nyekundu ni ngula, ule unga wa mti ambao mama zetu walijipaka. Bulu ni bulu ya kufulia mashati. Kijani ni bulu na manjano pamoja. Vyote kwa maji na wanga wa muhogo kidogo ili vishike. Ni rangi nzuri, hata leo sijaona nyekundu inayoshinda ngula. Lakini ni rangi za maji. Zilikuja kwa maji, zinaondoka kwa maji.

Wino mweusi ni habari nyingine. Ule ulikuwa wa Mzee Amisi, wino wa mabehewa: masizi ya taa yaliyosagwa na sandarusi, ile gundi ngumu ya mti wa msituni, ikayeyushwa kwa mafuta ya taa. Wino ule umekaa juu ya mabehewa miaka mingi, mvua inapiga, jua linapiga, namba iko pale pale inakuangalia.

Kumbukeni hayo mawili, rangi ya maji na wino wa mafuta. Mengine yote yanatoka hapo.

Na kitu kimoja tena cha wakati ule. Kadi zetu hazikuwa na neno. Barabarani kulikuwa na bariere za watu wenye bunduki, na karatasi yenye maandishi ilikuwa matata. Wanaifungua, wanaisoma, au hawajui kusoma na njo hapo mbaya zaidi, wanakuuliza wewe imesema nini, na chochote utakachosema si hicho. Waliobeba barua walipigwa. Kwa hiyo watu wakawa wanakuja kwangu: "Mama Sifa, mwambie kaka yangu bati la nyumba tumeshalirudisha." Nachora nyumba na bati linalong'aa. "Mwambie mama mtoto amepona." Nachora mtoto anakimbia. Mmoja akaja: "Mwambie shemeji yangu bado ninamfikiria mdogo wake." Huyo nilimwambia aende akachore mwenyewe. Mimi shule niliiacha mapema, kusoma barua ndefu hata leo kunanichosha, kwa hiyo kazi ile ilinifaa kabisa. Sikuwahi kufanya kadi nyingi kama miaka ile.

Sasa Mama Mauwa.

Mama Mauwa alikuwa jirani yangu, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, Aziza. Kabla ya vita Aziza alimfuata mchimbaji mmoja wa Kalima. Alimfuata tu. Wazee hawakukaa kwa posa, kuku hakuingia uani, hakuna aliyesema hodi. Siku anaondoka na mfuko wake, mama yake alisimama mlangoni, avenyu nzima tunasikia:

"Mulango huu umeuona leo! Usiupite tena!"

Na Aziza, mwenye mdomo wa mama yake, akajibu kutoka barabarani: "Ata ukiniita sirudi! Nitarudi siku ya kukuzika!"

Maneno kama yale mtu hayamezi tena.

Vita vikakuta mlango umefungwa vile. Halafu habari zikaja na watu wa barabara kwamba Aziza amezaa mtoto wa kike, na bwana yake amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Kama na hajarudi. Yuko peke yake Kalima na kichanga. Mama Mauwa angekwenda kumchukua, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, kutoka kitandani hadi uani ilikuwa safari. Akatuma neno kwa mdomo, arudi. Jibu likaja kwa mdomo: "Aziza asema mama yake anaijua siku watakayoonana." Akatuma tena. Jibu lile lile. Na barabara ile, leo iko wazi, kesho hujui.

Njo akaja kwangu, anajikokota na fimbo. Hakusalimia.

"Sifa, uko na karatasi?"

"Iko. Ya boksi ya dawa."

"Chora mulango."

"Mulango gani?"

"Wangu! Weye unaishi mbele yangu, hujui mulango wangu? Uwe wazi. Ufunguke wa kweli, muntu atie kidole aufungue."

"Na ndani?"

Akaangalia miguu yake. "Ndani, miye. Nimekaa kwenye kiti changu, na kikwembe changu cha manjano. Mikono nimeipanua hivi." Akanionyesha. Akanieleza kila kitu, mpaka uso.

Kadi ile niliifanya kama ninajenga nyumba. Karatasi ya mbele nikaikata mlango kwa kikatio nilichokunja siku ile kwa kazi hiyo moja, pande tatu makali, upande wa nne nikaukwaruza kwa mgongo wa kisu ili ukunjike bila kukatika. Karatasi ya nyuma nikamchora Mama Mauwa kwa rangi tupu, bila wino, kwa sababu wino ungepenya kwenye karton ile na kutokea mgongoni. Nikazibandika pamoja kwa uji wa muhogo, gundi ikae mbali na bawaba. Ukuta wa nyumba nikaupaka ngula, nyekundu mpaka inaita. Majani ya viazi ukutani, kijani. Na kwa kuwa rangi ilikuwa inatambaa na kukimbia pembeni, nikaizungushia kadi nzima ukingo wa wino mweusi, kama ukuta wa kuzuia maji.

Mzee Amisi alikuwa amekaa anakunywa chai. Akaangalia ukingo ule.

"Sifa, unaweka msiba pembeni mwa furaha?"

Maana hapa kwetu tangu zamani za maofisi, kadi nyeupe yenye ukingo mweusi ni ya kifo. Hata asiyejua herufi moja anaijua. Anaipokea na anaanza kulia kabla hajakaa.

"Mzee, rangi zimejaa. Nani ataona ukingo?"

"Rangi ni maji, wino ni mafuta. Siku wakigombana, nani atabaki?"

Nikamwambia kadi haiendi kuoga.

Msafirishaji alikuwa Saidi, aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la chumvi hadi katikati ya njia ya Kalima. Hapo alikuwa anakutana na mwenzake wa Kalima, wanabadilishana mizigo, kila mmoja anarudi upande ambao anajulikana kwenye bariere. Saidi akaishika kadi, akafungua mlango, akafunga, akafungua. "Mama Sifa, hii wale wa bariere hawataniachia. Kadi zako wanazipenda sana wale. Ile ya ndege mmoja aliibandika kwenye kofia yake."

"Sasa?"

"Ninaificha kwenye chumvi. Watachukua kikombe cha juu, kila siku wanachukua. Nani ataingiza mkono mpaka chini?"

Niliona ana akili. Tukaifunga kwenye majani, akaizamisha katikati ya gunia, akavuka mto kwenda Alunguli, akashika barabara.

Ninyi mmezaliwa na chumvi ya paketi, hamjui chumvi ya gunia. Chumvi ya gunia inatoa jasho. Mvua ikiwa angani tu, haijanyesha, gunia linaanza kulia. Na wiki ile mvua haikubaki angani.

Alichopokea Aziza kule Kalima, kutoka kwa mtu asiyemjua aliyesema tu "imetoka Kindu, kwa mama yako", kilikuwa hiki: kadi nyeupe. Ukingo mweusi umesimama imara. Nyumba nyeupe, haina ukuta, haina majani. Na mlango. Aliufungua mlango kwa kidole, akaangalia ndani. Hakuna mtu.

Mngekuwa ninyi mngefikiri nini?

Alimfunga mtoto mgongoni siku ile ile. Akatembea barabara nzima ya Kalima kwa miguu, na bariere zote. Baadaye alituambia kwamba kila walipomsimamisha alikuwa anawaonyesha ile kadi, na wenye bunduki walikuwa wanaangalia ukingo, wanamwambia pole mama, pita. Karatasi moja iliyofika bila kuchukuliwa, na haikuwa na rangi ya kutamanisha mtu.

Mimi nilikuwa kwenye benchi ninanoa kikatio niliposikia kilio kinaingia mwanzo wa avenyu. Kilio hapa kwetu hakiulizwi, kwanza unakiunga. Wanawake wakatoka majikoni, wakafunga vikwembe viunoni, wakaanza kulia nyuma yake. Mimi pia nilitupa kikatio nikatoka, nalia kwa nguvu, sijui namlilia nani. Aliyekuwa mbele alikuwa amejitanda kichwa, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, sikumjua. Tulikuwa kundi zima tulipoingia uani kwa Mama Mauwa.

Mama Mauwa alikuwa amekaa na kinu chake, anatwanga sombe, miguu ameinyoosha mbele. Akasimamisha mchi.

"Nani amekufa?"

Tukamwangalia yule wa mbele. Naye akavua kitambaa, tukaona ni Aziza. Alikuwa anamwangalia mama yake kama mtu anayeangalia moshi unaoongea.

"Mama," akasema. "Weye njo umekufa."

"Miye?"

"Njo weye."

"Nani alikuambia?"

Aziza akatoa kadi kifuani akaitupa chini. Mama Mauwa akanyoosha mkono akaiokota, akaigeuza, akafungua mlango, akaangalia ndani. Akaniangalia mimi. Macho yale sitaki kuyaona tena.

"Sifa. Miye niko wapi humu?"

Kabla sijafungua mdomo, Aziza akaanza kupiga kelele, sasa hasira, machozi bado yanashuka. "Mumenidanganya! Nimetembea na mutoto mudogo kati ya bunduki! Sikuja kukuona miye! Nilikuja kukuzika!"

Mama Mauwa akaweka mchi pembeni polepole.

"Ukae basi," akamwambia, "ungoje."

Mwanamke mmoja nyuma akapasuka kicheko, na mwingine, na uani kote tukashikilia matumbo, wenye machozi bado usoni. Aziza alikuwa wa mwisho kucheka, na hakutaka, nilimwona anauma midomo. Mama yake hakucheka kabisa. Alinyoosha mikono miwili.

"Leta mutoto."

Na Aziza akamfungua mtoto mgongoni, akapita pale kinuni, akampa. Sisi tuliolia bure tukadai sombe, na tukala.

Mzee Amisi alikuja jioni, akaitaka kadi. Akaigusa kwa ulimi. "Chumvi," akasema. Halafu akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya ukingo, akaanza kutabasamu. "Lakini wino wangu umeuona?" Mzee yule alikuwa na majivuno mpaka siku ya mwisho.

Mimi sikuambiwa niombe radhi na sikuomba. Lakini kesho yake nilikwenda kanisani, nikamwomba mwenye kufagia mabaki ya buji. Tangu siku ile hakuna kadi iliyotoka kwenye benchi hili bila nta. Kadi za Idi za miaka ile zilikuwa na nta ya misa juu yake, na hakuna shehe aliyelalamika. Ukingo mweusi kwenye kadi ya furaha, mnajua wenyewe, anayeuchora hapa nampokonya brashi. Rangi ikikimbia, izungushieni mstari wa nta kabla ya kupaka, inasimama. Nilijifunza hilo nimeshachelewa, ninyi mnalipata bure.

Mengine yamebadilika na sina ugomvi nayo. Leo tunabana kikatio kwa jeki ya lori, haipigi kelele na haisogei. Ni kijana wa gereji aliyeniletea mawazo hayo, na siku ya kwanza nilimkemea, siku ya pili nikamwambia ainunue. Rangi zinakuja kwa ndege kutoka Goma ndani ya vichupa vidogo. Karatasi ni bristoli, nene, hainywi maji ovyo. Watu wanatumiana salamu kwenye telefone, ua linalocheza na muziki ndani, na wananiuliza kama sioni kazi yangu imekufa. Imekufa wapi? Angalieni benchi, mnakosa pa kukaa. Mtu anapenda kitu cha kufungua kwa kidole.

Mama Mauwa aliishi miaka mingi baada ya "kufa". Mtoto yule, Riziki, alijifunza kutembea kwa kushika kinu chake. Miguu ya bibi yake ilipomshinda kabisa, Aziza njo alimbeba, alimwogesha, wakigombana asubuhi na jioni kuhusu chumvi kwenye mboga. Alipoondoka, safari hii kweli, Aziza alikuwa amemshika mkono. Kilio kile nilijua namlilia nani.

Na juzi Riziki, ambaye sasa ni dada mkubwa na anaolewa, alikuja hapa kutaka kadi za ndoa. Safari hii wazee wamekaa na kuku ameingia, Aziza mwenyewe alisimamia. Riziki alitaka ndege wawili. Nikamkunjia, wa kulia na wa kushoto. Mama yake alikuja nyuma yake, akangoja binti atoke, akaniwekea kitu mezani kimefungwa ndani ya kitambaa.

Sikuwa nimeiona kadi ile tangu siku ya kilio. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa ya zamani. Ukingo mweusi, mweusi vile vile.

"Mama Sifa," akasema, "nilimuuliza mama mara nyingi kulikuwa na nini humu. Ananijibu, 'Ulikuja, hukuja? Basi.' Sasa hayupo wa kumuuliza. Miye niliona tu kile chumvi ilichoniachia. Rudisha rangi."

Ningeweza kumuuliza kwa nini hakuja kwangu mapema. Lakini ni mtoto wa mama yake.

Mnaokuja hapa mliniona wiki hii ninasaga ngula na manjano kama zamani na mkacheka, Koko ana vichupa vya Goma na anasaga bizari. Mlicheka msichokijua. Kwanza niliifungua kadi kwa mvuke wa chai, karatasi ya mbele na ya nyuma zikaachana. Nikaziosha kwa maji safi na pamba, polepole, kwa sababu chumvi bado ilikuwemo ndani ya karatasi, na rangi ikikuta chumvi inakimbia na kuacha madoa kama nyota. Haikutoka yote. Kwenye kikwembe cha manjano nyota kadhaa zimebaki, nikaziacha, zimekuwa ua la kitambaa. Nikapaka ukuta ngula. Nikapaka majani. Ndani nikachora kiti, kikwembe, mikono iliyopanuliwa, na uso. Uso niliuanza upya mara nyingi kuliko nitakavyowaambia. Mkono wangu siku hizi unatetemeka kama wa mke wa Mzee Amisi, lakini uso ule niliukumbuka wote, kwa sababu uliagizwa.

Jana nikamwita Aziza. Alikaa hapo mlipokaa. Aliangalia ukuta mwekundu muda mrefu. Halafu akatia kidole, akafungua mlango.

Akaufunga. Akaufungua tena, akainamisha uso karibu kabisa.

"Mama Sifa. Mbona amenuna?"

"Njo alivyoniagiza. Alisema, 'Nichore nimenuna, asije akawaza nimemubembeleza. Lakini mikono uipanue sana.'"

Aziza akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, halafu kikawa si kicheko tena, na uso wake ukashuka juu ya kadi. Nikaivuta haraka kutoka chini yake, nikamwambia akalie kule mlangoni, machozi ni maji na chumvi, na buji nilikuwa sijapitisha bado.